Boga la Mama Stefania

Tangu asubuhi moyo wa Larysa haukutulia. Kanisani alikaa pale wenzake waliposimama, akasimama pale walipokaa, mpaka kaka yake Orest akamkanyaga mguu chini ya benchi.

"We dada vipi? Leo unaposwa au unanyongwa?"

"Nyamaza, Padri anatutazama."

"Padri anatazama saa. Na yeye ana bata mzinga jikoni."

Ilikuwa Jumapili ya sikukuu ya Shukrani. Baada ya ibada Kornelius Wiebe angefika nyumbani kwao, karibu na Mtaa wa Selkirk, kumwomba Mama Stefania ruhusa ya kumwoa bintiye. Larysa alikuwa na miaka thelathini na sita, mtafiti wa chuo kikuu, mwenye maabara yake na wanafunzi wake. Lakini mbele ya mama yake alikuwa mtoto tu wa marehemu Hrynchuk, na bila baraka ya mama hakuna mkate wa posa ambao ungekatwa kwa ajili yake.

Kazi yake ilikuwa kuchunguza jinsi watu wenye usonji wanavyoona. Mtu alikaa kwenye chumba chenye giza mbele ya kioo cha kompyuta, akaonyeshwa mistari myeusi na myeupe ikikimbia upande mmoja, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kisha akaulizwa: imekwenda kulia au kushoto? Kornelius, mwenye usonji, alikuja huko kupimwa miaka mitatu nyuma, fundi wa madirisha ya kanisa, yale ya vioo vya rangi. Pale ambapo wengine walibahatisha, yeye alijibu kama mtu anayesoma namba ya nyumba. Larysa alipopata majibu ya watu wote, akazunguka kwenye kumbi za mihadhara akisema: "Tulidhani watu hawa hawaoni. Kumbe wanaona mno. Wanageuza uso kama wewe unavyogeuza uso ukimulikwa na taa ya gari." Watu walimpigia makofi.

Vipimo viliisha, mwaka ukapita. Ndipo alipomkuta tena juu ya jukwaa la mbao, akibandua kioo kilichopasuka kwenye dirisha la kanisa lao. Kornelius hakushuka. Alisema tu kutoka huko juu:

"Hujalala. Ngozi yako leo ina kijivu chini ya jicho la kushoto."

Usiku uliotangulia Larysa alikuwa amemlilia baba yake, mwaka wa nne tangu azikwe. Mama mzazi hakuona, kaka hakuona. Aliona huyu. Akasimama pale chini, shingo ikimuuma kwa kutazama juu, na alipoondoka alikuwa ameshapenda.

Kornelius hakuwa mtu wa kukutazama usoni. Alitazama kola yako, sikio lako, kifungo chako. Lakini mikono ya Larysa aliitazama. Kwa muda wote wa uchumba wao aliitazama mikono ile kama mtu anayesoma barua ya kwao, taratibu, akirudia, na Larysa alijifunza kuiacha mezani wazi ili asomwe.

Mama Stefania hakuona utamu wowote hapo.

"Mwanaume asiyekutazama machoni ameiba, au anakwenda kuiba," alisema juma lililopita, akikanda unga.

"Mama, si hivyo. Ubongo wake..."

"Ubongo, ubongo! Wewe umesomea ubongo, mimi nimezaa. Tena Mmenno, si wa kanisa letu. Na hao watoto utakaomzalia, wajukuu zangu, nao watakuwa wananitazama sikio?"

"Akija ataomba kwa heshima. Nakusihi umsikilize."

"Nitamsikiliza. Mimi si mshenzi."

* * *

Kornelius alisimama barabarani dakika nane, mpaka ikatimu saa saba kamili, ndipo akabonyeza kengele. Alivaa suti ya kahawia na nywele zilikuwa mbichi kwa maji ya kuchania. Mkononi alikuwa na kioo cha rangi alichokitengeneza mwenyewe, kidogo kama daftari, masuke ya ngano juu ya buluu. Mama Stefania alikipokea, akasema asante, akakiweka juu ya friji, uso chini.

Walikaa mezani watano: Mama Stefania kichwani mwa meza, Orest, Shangazi Olha dada wa marehemu, Larysa, na Kornelius. Walikula supu ya borshi, wakala kabichi zilizoviringishwa, wakafika kwenye bata mzinga. Kornelius alikula kila chakula kivyake, kabichi ikiisha ndipo anaanza viazi. Orest alikuwa akimhesabia vijiko kwa nyusi.

Kisha Kornelius akaweka uma chini, akasimama.

"Kaa bwana, huapishwi," alisema Orest.

"Nimejizoeza nikiwa nimesimama," alijibu Kornelius, akaielekea bruchi, pambo lililobanwa kwenye kifua cha Mama Stefania. "Mama Hrynchuk, nampenda Larysa. Nina kazi. Sinywi. Nyumba yangu ina paa jipya. Nimekuja kuomba baraka yako nimwoe. Kama una swali, nitalijibu."

"Ninalo moja," alisema mama. "Niombe ukinitazama."

"Mama!" alisema Larysa.

"Nimemwambia yeye. Wewe utatazamwa maisha yako yote, au hutatazamwa. Mimi naomba mara moja tu."

Kornelius alinyanyua macho. Lo, wale waliokuwepo waliona jinsi shingo yake ilivyokakamaa na vidole vilivyoshika ukingo wa meza vikawa vyeupe. Alimtazama mama yule machoni, moja, mbili, tatu, nne, jasho likamtoka juu ya mdomo kama mtu aliyeinamia jiko. Kisha macho yakaanguka yenyewe.

"Inaniuma," alisema, bila kulalamika.

"Hata mimi," alisema Mama Stefania.

Akanyanyuka, akaingia stoo. Larysa alimsikia akisogeza masanduku. Moyo wake ukaruka: huenda analeta mkate! Huenda zile sekunde nne zimemgusa.

Mama Stefania alirudi na boga. Alikuwa amelifuta vumbi vizuri. Akaliweka mbele ya Kornelius, kwenye nafasi ya sahani, akakaa, akakunja mikono.

Kwa watu wao, tangu kule walikotoka babu zao, mposaji akiwekewa boga amekataliwa. Hakuna neno linalosemwa. Atalibeba kifuani na kutoka nalo, ili mtaa wote umwone. Vijana wa siku hizi walikuwa wanalifanyia mzaha harusini, lakini mjane wa miaka sitini na tisa hampi mtu boga kwa mzaha. Kila aliyekuwa kwenye meza ile alilielewa, isipokuwa aliyepewa.

Kornelius alilinyanyua kwa mikono miwili. Akaligonga kwa kidole, sikio limeinama, kama anavyogonga vioo vyake.

"Asante sana," alisema. "Limekomaa. Halina ufa. Mbegu zake naweza kuzikaanga?"

Orest alipaliwa na kinywaji, kikamtokea puani.

"Kaanga, shemeji!" alisema akijifuta. "Kaanga zote! Zikikuishia, rudi, mama atakupa jingine."

"Yapo mangapi?"

"Kwako wewe? Hayawezi kukuishia!"

Akacheka mpaka akagonga meza. Shangazi Olha alipiga ishara ya msalaba huku mdomo ukimcheza, akashindwa kujizuia, akacheka naye kwenye leso. Kornelius alipoona wanacheka, akatabasamu. Mungu ndiye shahidi, hilo tabasamu lilikuwa baya kuliko kicheko chenyewe.

Mama Stefania hakucheka. Alikuwa anamtazama bintiye. Alimtazama moja kwa moja, macho hayapepesi, kama mtu aliyefungua mlango na anangoja kuona nani ataingia.

Ilikuwa zamu ya Larysa. Maneno yenyewe yalikuwa machache: Mama, ondoa kitu hiki. Au asingesema hata hayo, angesimama tu, ashike mkono wa Kornelius. Ulimi ulishanyanyuka. Akamwona kaka yake anavyomngoja kwa hamu, akawaza kelele zitakazofuata, sikukuu kuharibika, mama kushika kifua na kulia jina la marehemu. Halafu akamtazama Kornelius akitabasamu na boga lake, na wazo likamjia, laini kama mto wa kulalia: hajui. Hajaona chochote. Kwa nini nimuumize? Nitamweleza polepole siku nyingine.

"Orest," alisema, "nipe chumvi."

Mama Stefania akashusha macho, akaendelea kula.

* * *

Baada ya chakula Kornelius alikwenda jikoni kufuta vyombo, maana kwao mgeni haachi sahani yake bila kuoshwa. Shangazi Olha aliosha, yeye akafuta. Walikaa huko muda mrefu, maji yakimwagika, kisha maji yakakatika na mazungumzo yakaendelea kidogo. Alipotoka, alimshukuru kila mtu kwa jina lake, akavaa koti, akalibeba boga kifuani, akatoka nalo.

Mzee wa nyumba ya jirani alikuwa anakusanya majani makavu kwa reki. Alimwona, akasimamisha reki. Larysa akatembea haraka kwenda kufungua gari, kichwa chini.

Waliendesha mpaka wakavuka Mto Mwekundu. Ilikuwa kama saa kumi, jua limeshalala pembeni. Boga lilikuwa mapajani mwa Kornelius, mkanda wa gari umepita juu yake.

"Mama yako amekubali au amekataa?" aliuliza.

"Anahitaji muda," alisema Larysa. "Mama ni mtu wa kufikiri kwanza."

"Na boga ni la nini?"

"Zawadi tu. Leo si Shukrani? Nyumba zote zina maboga."

Kornelius alitikisa kichwa taratibu.

"Kule kwenye maabara yako, mtu akijibu vibaya mlikuwa mnamwonyesha mistari ileile mara ya pili. Huenda alikuwa amepepesa. Nami nitakuuliza mara ya pili, Larysa. Boga ni la nini?"

Larysa alishika usukani. Angeweza kusema. Mlango wa kusema ukweli ulikuwa bado wazi.

"Kornelius mpenzi, boga ni boga."

"Simamisha gari."

"Hapa? Kuna nini?"

"Simamisha, tafadhali."

Aliegesha kando, karibu na uwanja wa kuteleza kwenye barafu, uliokuwa haujafunguliwa. Kornelius alikuwa anatazama kioo cha mbele.

"Mama yako alipoliweka, Orest alimtazama shangazi," alisema. "Shangazi akamtazama mama yako. Mama yako akakutazama wewe. Orest naye akakutazama wewe. Mimi sikujua maana yake, lakini niliona. Niliona yote kwa pamoja, yalikwenda haraka kama mistari yako. Watu wanne wanajua kitu, na kitu chenyewe kiko mkononi mwangu. Kwa hiyo nikauliza habari ya mbegu, maana nilikuwa naogopa na sikujua la kusema. Nikakungoja. Wewe ukatazama chumvi."

"Kornelius..."

"Shangazi Olha ameniambia jikoni. Alilia. Alisema, mwanangu, sisi ni watu wabaya. Nikamwambia Larysa si mbaya, ataniambia kwenye gari."

Larysa alianza kulia. "Nilitaka kukulinda. Nilidhani kama hujui, haitakuuma."

"Ulidhani sikuona."

"Nilidhani..."

"Wewe! Angedhani Orest, sawa. Angedhani padri wenu. Wewe ndiye uliyeniambia kwamba naona. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, kila mtu tangu utotoni ananiambia hii haipo, unajitungia, hakuna aliyekutazama vibaya. Wewe ukaniwekea mashine ukaniambia, ipo, umeiona kweli. Nikakupenda kwa sababu hiyo. Si kwa sababu ya mikono."

Maneno hayo yalimchoma Larysa, na mtu aliyechomwa hurusha mkono bila kutazama unampiga nani.

"Kama uliona, kwa nini hukuliacha mezani?" alipaza sauti. "Kwa nini ulitabasamu? Unajua nilivyojisikia? Umekaa unagonga boga kama mwendawazimu, kaka yangu anakucheka, halafu mimi ndiye nisimame mbele ya mama yangu nikutetee! Kila siku mimi! Dukani mimi, benki mimi, kwa marafiki zangu mimi. Huyu hakumaanisha hivi, Kornelius, yule alimaanisha vile. Nimechoka kukufasiria dunia!"

Alipomaliza akajishika mdomo. Nje, upepo ulikuwa unasukuma majani kwenye uzio wa uwanja.

"Hilo ni la kweli," alisema Kornelius. "Ni la kwanza tangu saa saba."

"Sikumaanisha."

"Ulimaanisha. Umelisema haraka sana, hukuwa na nafasi ya kulitengeneza." Akafungua mkanda. "Siku ya kwanza kabisa kule maabara ulinisomea karatasi ya ridhaa. Ilisema naweza kuacha wakati wowote, bila kutoa sababu, na hakuna atakayenikasirikia. Naomba iwe hivyo. Lakini sababu nimekupa, kwa sababu wewe ni wewe."

Akashuka. Larysa alishuka upande wake, akamzungukia, akamshika mkono wa koti.

"Nitarudi sasa hivi. Nitamwambia mama. Nitasema mbele yao wote!"

"Wamekwisha kula, Larysa."

Akautoa mkono wake taratibu, kama mtu anayetoa kioo kwenye fremu yake ya madini ya risasi bila kukivunja, akaenda kituo cha basi na boga lake kifuani. Watu wawili waliokuwa kituoni walimpisha. Hakugeuka.

* * *

Mama Stefania alikuwa peke yake jikoni, anafunika mabaki ya bata mzinga, alipoingia Larysa na koti lake, uso umevimba.

"Umefurahi?" Larysa alisema. "Ameondoka. Ameniacha. Umepata ulichotaka!"

"Funga mlango, baridi inaingia."

"Mama!"

"Nimesikia. Kaa."

"Sikai! Alikukosea nini? Alikutazama mpaka akatokwa na jasho, na wewe ukamtolea boga!"

"Nilimtolea, na nilimaanisha," alisema mama. "Simtaki. Sikumtaka jana, na kesho sitamtaka. Usinifanye nabii au shetani, mimi ni mama tu, naogopa." Akakunja foili ukingoni, akaibana kwa kucha. "Lakini juma zima nilikuwa najiandaa kwa vita. Nilijua nitampa boga na wewe utaruka juu. Nimepika maneno, nimeyapanga. Nilisali, Bwana nipe nguvu leo, maana binti yangu atanirarua. Unajua babu yako alimpa baba yako boga?"

Larysa hakuwahi kuambiwa.

"Alimpa. Kwa sababu hakuwa na shamba. Kaka zangu wakacheka kama alivyocheka Orest. Nikanyanyuka, nikalichukua lile boga mikononi mwa baba yako, nikalibeba mimi, nikatoka nalo mlangoni mbele yake. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na viatu vya dada yangu. Jioni tukalipika kwa mama yake, tukalila. Baba yangu hakuzungumza nami miaka miwili, halafu akazungumza." Akamgeukia bintiye. "Mimi nilikutazama leo. Umeniona nakutazama?"

"Nilikuona."

"Nilikuwa nakungoja. Ukaomba chumvi. Na hapo nikajua yule kijana hana mtu pale mezani, wala wewe huna mtu. Basi nikala."

"Kwa nini hukuniambia, mama? Ungenieleza habari ya baba, ningejua la kufanya!"

"Ungejua la kufanya," alirudia mama, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ikawa na huruma, huruma iliyomuuma Larysa kuliko kofi. "Mwanangu, mimi hakuna aliyenieleza. Hilo ndilo tatizo lako."

Larysa alitoka, akakaa kwenye ngazi za mbele, akapiga simu. Iliita mara nyingi. Kisha ikapokelewa, akasikia breki za basi na mtu anayekohoa.

"Mimi ni Kornelius," alisema, kama anavyosema siku zote, hata akijua ni nani.

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Nimefanya hivyo kabla basi halijafika."

Larysa akanyanyuka kwenye ngazi. "Basi nije? Naja sasa hivi, niambie umefika wapi."

"Hapana. Kukusamehe nimeweza. Kukaa nawe mezani tena sitaweza. Nitakuwa naangalia utatazama wapi."

Larysa alilia bila sauti, kiganja kimeziba mdomo. Upande wa pili Kornelius alingoja. Siku zote katika simu zao Kornelius hakujua ni wakati gani mazungumzo yameisha, na ni Larysa aliyekuwa akisema haya basi, usiku mwema, na kukata.

"Larysa? Sasa ndiyo yameisha?"

Hakumjibu. Aliona asipojibu, hayataisha. Akasikiliza basi likikata kona, mlango ukifunguka, abiria wakishuka, mlango ukifungwa. Mzee wa jirani alikwisha kukusanya majani yake na kuingia ndani, na taa ya jikoni kwa mama ikazimwa.

Kornelius alingoja kituo kimoja zaidi. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, akakata yeye.